Theluji, Mvua na Ramani ya Hatari

Ndugu Mhariri aliniomba niandike habari ya elimu ya nchi itakayowafaa wanafunzi walioko darasani sasa, pamoja na wenzetu waliomaliza zamani. Mimi mwenyewe nalisoma katika shule hii, na sasa nafundisha jiografia hapa hapa Dzaleka. Nalikuwa sijui niandike nini, mpaka ilipofika barua ya mwenzetu mmoja aliyehamishiwa nchi ya Norwe, ambaye anakaa Tromsø, mji ulioko mbali sana kaskazini.

Barua hiyo tuliisoma darasani. Alieleza kwamba kule jua halichomozi kabisa tangu mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari. Theluji huanguka milimani, ikarundikana siku baada ya siku, mwisho ikashindwa kujizuia. Basi huporomoka kwa kishindo na kufukia barabara, na pengine nyumba na watu. "Lakini," aliandika, "kila siku ya majira ya baridi twapewa habari ya hatari kwa namba, toka 1 mpaka 5. Ikiwa 1, watu huenda zao milimani kuteleza. Ikiwa 4, mwenye akili hakaribii mlima. Na wataalamu wa huku hutumia setilaiti kuona mahali theluji ilipoporomoka, hata katika giza hili letu la mchana."

Nilipomaliza kusoma, msichana mmoja wa kidato cha pili alinyosha mkono akasema: "Mwalimu, wao wana namba ya theluji yao. Sisi tuna mvua. Mbona sisi hatuna namba?"

Darasa lilicheka, lakini mimi sikucheka. Nalimwambia nitamjibu wiki ijayo. Wiki hiyo ikawa miezi, maana ilinilazimu kusoma, kwenda Lilongwe, na kisha kutembea na wanafunzi katika matope. Haya ndiyo majibu yangu kwake na kwenu.

Kwanza yafaa tupatane juu ya neno "hatari". Watu wengi hudhani hatari ni kitu kinachotoka juu: mvua kubwa, tufani, theluji nyingi. Sivyo. Theluji ya mita tatu katika mlima usiokaliwa na mtu haimdhuru yeyote. Ni pambo la mlima tu. Lakini theluji ya mita moja ikiwa juu ya shule, hiyo ni hatari. Wataalamu husema kwamba hatari imejengwa kwa mambo matatu. La kwanza ni tishio lenyewe, yaani maji, upepo, udongo au theluji. La pili ni watu na mali walioko katika njia ya tishio hilo. La tatu ni udhaifu, yaani jinsi watu hao na nyumba zao wasivyoweza kustahimili: ukuta mwembamba, mzee asiyeweza kukimbia, mtu asiyepata habari kwa wakati.

Mambo haya matatu hayajumlishwi, huzidishwa. Nanyi mwajua kwamba ukizidisha namba yoyote kwa sifuri, jibu ni sifuri. Tishio likiwa kubwa namna gani, pasipo na mtu hapana maafa. Na tishio dogo, likikutana na watu wengi walio dhaifu, laweza kuwa msiba. Fikirini karatasi tatu nyembamba zinazopitisha nuru, kila moja imechorwa jambo lake. Ziwekeni moja juu ya nyingine dirishani: pale wino wa karatasi zote tatu unapokutana, hapo ndipo penye hatari. Kazi yote ya kupima hatari kwa ramani ni hiyo.

Sasa tuanze na karatasi ya kwanza, maana hii ndiyo ambayo setilaiti huichora vizuri kuliko nyingine. Setilaiti ni vyombo vinavyozunguka dunia huko juu, na zilipoanza kurushwa watu wengi waliziita miezi ya bandia. Zina macho ya namna mbili.

Jicho la kwanza ni kama letu: hupokea nuru ya jua inayorudi kutoka ardhini. Setilaiti ya Landsat ya kwanza ilirushwa na Wamarekani mwezi wa Julai 1972, na mpaka leo ndugu zake wanaendelea na kazi hiyo. Picha zake za siku hizi zimegawanyika katika miraba, na kila mraba una upana wa mita 30 hapa chini. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa Juni 2015, zina miraba ya mita 10. Jicho hili huona zaidi ya macho yetu. Ukitazama theluji na wingu kutoka juu, vyote viwili ni vyeupe, huwezi kuvitenga. Lakini kuna aina ya nuru ambayo jicho la binadamu haliioni; nuru hiyo theluji huimeza, na mawingu mengi huirudisha. Kwa hiyo katika picha ya nuru hiyo theluji huonekana nyeusi na wingu huonekana jeupe. Hivyo ndivyo wanavyopima eneo la theluji, iwe ni Norwe au kilele cha Kilimanjaro.

Jicho hili, hata hivyo, lina kasoro mbili. Usiku halioni, na mawingu yakitanda halioni. Na mafuriko huja lini? Huja wakati wa mawingu! Saa ile tunapolihitaji ndiyo saa ambayo limefumbwa.

Kwa sababu hiyo likatengenezwa jicho la pili, ndilo la rada. Hili halingoji jua. Hutoa mawimbi yake lenyewe na kungoja yanayorudi, kama mtoto anayepiga kelele bondeni akasikiliza mwangwi. Setilaiti ya Sentinel-1, iliyorushwa Aprili 2014, hupita juu yetu kwa kimo cha kilomita 693. Mawimbi yake yana urefu wa sentimita 5 na nusu hivi, nayo hupenya mawingu pasipo shida, usiku na mchana.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo theluji ya Norwe na mvua yetu zinapokutana. Rada hutuma wimbi kwa mshazari. Likiangukia maji yaliyotulia, ambayo ni laini kama kioo, wimbi huruka kwenda upande wa pili, wala halirudi lilikotoka. Kwa hiyo maji huonekana meusi katika picha. Likiangukia mahali penye mabonge na mawe, wimbi hutawanyika kila upande, na sehemu yake hurudi kwa setilaiti. Mahali hapo huonekana peupe. Theluji iliyoporomoka ni mabonge matupu, yamelala ovyo bondeni. Basi mtaalamu wa Tromsø huweka picha ya juma lililopita na picha ya leo pamoja, akatafuta mahali palipong'aa ghafula. Mtaalamu wa mafuriko hufanya vivyo hivyo, ila yeye hutafuta mahali palipoingia weusi ghafula: shamba la mahindi lililokuwa na rangi ya kijivu juzi, leo ni jeusi, maana yake limefunikwa na maji. Chombo ni kimoja, elimu ni moja, tofauti ni rangi tu.

Karatasi ya kwanza huongezewa mambo mengine mawili. Moja ni mwinamo wa nchi. Katika Februari 2000, chombo cha anga cha Wamarekani kiitwacho Endeavour kiliipima kwa rada sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia kwa muda wa siku 11. Kwa vipimo hivyo mtu aweza kukaa mezani akajua kila mlima una mwinamo gani na maji yake yatateremkia wapi. Wa Norwe hutafuta miinamo ya nyuzi 30 mpaka 45, maana hapo ndipo theluji hupenda kukatika. Sisi hutafuta mabonde, na miguu ya milima. La pili ni mvua. Tangu mwaka 2014 ziko setilaiti zinazoshirikiana kupima mvua ya dunia kila nusu saa, katika miraba ya kilomita 10 hivi. Na juu kabisa, kama kilomita 36,000, iko Meteosat inayoitazama Bahari ya Hindi pasipo kuondoka, ikipiga picha kila dakika 15.

Nchi ya Malawi ina sababu za kuijali elimu hii. Wazee wa kusini husimulia habari za Napolo, joka kubwa linalokaa chini ya mlima. Likiondoka kwenda ziwani huleta mvua, mawe na matope. Machi 1991 matope na mawe yaliteremka usiku katika nchi ya Phalombe yakaua mamia ya watu, na wengi walisema Napolo amepita. Januari 2015 Mto Shire ulifurika, na zaidi ya watu 200,000 wakayahama makao yao katika nchi hii. Machi 2019 ilikuja tufani ya Idai, Januari 2022 ikaja Ana iliyobomoa bwawa la umeme la Kapichira, na taa zikazimika karibu nchi nzima.

Kisha ikaja Freddy. Tufani hii ilizaliwa karibu na Australia mwanzoni mwa Februari 2023. Ikavuka Bahari ya Hindi yote, ikaipiga Madagaska tarehe 21 Februari, ikaingia Msumbiji tarehe 24, ikarudi baharini kujipatia nguvu, ikaingia Msumbiji mara ya pili tarehe 11 Machi. Tangu tarehe 12 ilinyesha kusini mwa Malawi, na ilisemekana kwamba mvua ya miezi sita ilinyesha kwa siku sita. Haijapata kuandikwa tufani nyingine iliyodumu muda mrefu kama huo: siku 36. Na siku hizo zote setilaiti zilikuwa zikiitazama. Kila hatua yake ilijulikana, na maonyo yalitolewa kabla haijafika.

Hata hivyo watu 679 walikufa katika Malawi, na zaidi ya 500 hawakuonekana tena. Huko Chilobwe, katika mji wa Blantyre, mawe na udongo wa Mlima Soche yaliwashukia watu usiku wakiwa wamelala.

Nawaulizeni, wanafunzi: ikiwa tishio lilionekana mwezi mzima, watu hao walikufa kwa nini? Jicho la juu lilifanya kazi yake. Karatasi ya kwanza ilikuwa imechorwa vizuri kuliko wakati wowote. Zilizopungua ni karatasi ya pili na ya tatu. Onyo likisema "wilaya za kusini zitapata mvua kubwa", mtu wa Chilobwe hasikii kwamba nyumba yake, ile yenye mwembe mlangoni, imejengwa katika njia ya mawe. Na hata akisikia, hajui ahamie wapi na watoto wake usiku.

Kabla hatujamaliza kuomboleza, wengi wetu hapa tulio watu wa Kivu tulipigwa na msiba wetu wenyewe. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, mito iliteremka kutoka milimani katika wilaya ya Kalehe, ikavifagia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi kando ya Ziwa Kivu. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Zaidi ya watu 400 walikufa. Jioni ile hapa kambini simu zililia mpaka usiku wa manane, na kulipopambazuka kulikuwa na matanga katika mitaa mingi. Ndipo nalipokumbuka kwamba namba ya theluji si mchezo wa matajiri.

Basi nikaomba ruhusa ya kutoka kambini, nikapanda minibasi, tukapita Lumbadzi, tukaingia Lilongwe, safari ya kilomita 45 hivi. Nalikwenda kumwona kijana mmoja afanyaye kazi ya kuchora ramani katika ofisi moja ya mjini. Tulizungumza Kichewa. Alinikaribisha vizuri akanionyesha kwanza Lilongwe yenyewe. Mito miwili, Lilongwe na Lingadzi, hupita katikati ya mji. Mji huu ulifanywa makao makuu ya nchi mwaka 1975, na tangu hapo umekua upesi sana, watu wakajenga mpaka ukingoni mwa maji. Februari 2017 mto ulipopanda, uliingia katika nyumba za watu. Alinionyesha kwa kidole jinsi karatasi ya mto na karatasi ya nyumba zinavyokutana.

Kisha akaifungua Dzaleka. Ndugu zangu, mtu akiiona nyumba yake kutoka juu mara ya kwanza, moyo hushtuka. Niliiona barabara, nikaona shule, nikaona mapaa mengi yamesongamana kama punje za mahindi katika gunzi. Kila paa lilikuwa limezungushiwa mstari. Nikamwuliza nani aliyefanya kazi hiyo ya subira. Akanijibu kwamba iko ramani ya dunia iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote aweza kuichangia. Na wengi wa waliochora mapaa ni watu wa kujitolea, wengine hawajapata kukanyaga Afrika. Hutazama picha kali ya setilaiti, wakafuata pembe za paa kwa mkono.

Nikamwomba anionyeshe nyumba yangu. Tukaipata. Nikamwambia, "Sasa nionyeshe shimo lililokuwa nyuma yake." Akatafuta katika picha za zamani za Sentinel, akatafuta katika vipimo vya mwinamo, akasema, "Hapa hapana shimo."

Shimo lilikuwapo, nami najua, kwa maana nalilichimba mwenyewe.

Wale mnaokaa hapa mnajua jinsi tunavyojenga. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza la siasa zamani. Ilikusudiwa watu 10,000 au 12,000; leo tumepita 50,000, na mwaka 2023 waliongezeka wale waliokuwa wakikaa mijini waliporudishwa huku. Mtu akipewa kiwanja huchimba udongo papo hapo, akafyatua matofali, akayaanika juani, akajenga pasipo kuyachoma, maana kuni ni ghali. Shimo hubaki. Mimi nalichimba langu upande wa juu wa nyumba, karibu na ukuta, ili nisibebe udongo mbali. Lilikuwa na upana wa mita tatu. Nalijiona mwerevu.

Usiku mmoja wa Februari 2021 mvua ilinyesha tangu magharibi. Shimo likajaa, maji yakapenya chini ya msingi, na tofali mbichi likilowa hurudi kuwa udongo. Alfajiri ukuta wa nyuma ulianguka ndani, juu ya kitanda cha mwanangu. Mtoto alikuwa ameamka kwenda kwa mama yake kwa sababu ya ngurumo. Ngurumo ndiyo iliyomwokoa. Baba yake ndiye aliyekuwa amechimba shimo.

Basi hesabuni wenyewe. Mraba mmoja wa Sentinel una mita 10 kwa mita 10, yaani mita za mraba 100. Ndani yake zaweza kuingia nyumba tatu za hapa kwetu. Shimo la mita tatu halionekani kamwe. Vipimo vya mwinamo vina miraba ya mita 30, na mfereji wa mita mbili hupotea humo. Mraba wa mvua, ule wa kilomita 10, waweza kuimeza kambi nzima na mashamba ya jirani. Na hata picha kali inayoonyesha kila paa haiwezi kusema kama ukuta ulio chini ya paa hilo ni wa tofali la kuchoma au bichi, wala kama ndani yake amelala mzee asiyeweza kutembea. Setilaiti huona mbali; lakini karatasi ya tatu haiwezi kuchorwa na yeyote ila yule anayepita kwa miguu na kubisha hodi.

Niliporudi nalikwenda kwa msichana yule nikamwambia, "Hatuna namba kwa sababu hatujaihesabu. Twende tukahesabu."

Nawaeleza jinsi tulivyofanya, ili shule nyingine na wenzetu walioko mbali waweze kufanya vilevile. Kijana wa Lilongwe alituchapia ramani ya mapaa ya mtaa mmoja, katika karatasi nne tulizozigundisha pamoja. Tukawagawa wanafunzi watatu watatu. Kila kundi lilipewa mapaa yake, daftari, kamba yenye mafundo kila mita moja, na chupa ya maji iliyojazwa nusu, ambayo ukiilaza juu ya ubao huonyesha upande ulioinama. Walikwenda mara mbili: mara ya kwanza siku ya jua, mara ya pili mara tu baada ya mvua kubwa, maana maji yenyewe ndiyo mwalimu bora wa mwinamo.

Katika kila nyumba waliuliza mambo matatu na kutia namba toka 1 mpaka 3. Swali la kwanza: maji hupita wapi? Yakipita mbali, 1. Yakifika uani, 2. Yakigusa ukuta, au kukiwa na shimo upande wa juu, 3. Swali la pili: wangapi hulala humo? Wawili au pungufu, 1. Watatu mpaka watano, 2. Zaidi ya hapo, 3. Swali la tatu: ukuta ni wa namna gani, na yupo asiyeweza kutoka mwenyewe usiku? Tofali la kuchoma na watu wazima wenye nguvu, 1. Tofali bichi, 2. Tofali bichi lenye ufa, au kuna mgonjwa, mtoto mchanga au kikongwe, 3. Kisha wakazidisha. Namba ndogo kabisa ni 1, na kubwa kabisa ni 27. Nyumba yangu ya mwaka 2021 ingalipimwa hivyo, ingalipata 3 kwa 2 kwa 3, yaani 18.

Tulipaka rangi: kijani, manjano, nyekundu. Tulipoitundika karatasi ukutani, darasa lilinyamaza. Nyumba nyekundu hazikutawanyika ovyo. Zilikuwa zimejipanga mstari mmoja, kama ushanga, kufuata mkondo wa zamani ambao hakuna aliyekuwa akiukumbuka, kwa kuwa ulikuwa umefukiwa kwa takataka na kujengwa juu. Waliokaa humo ni wale waliofika karibuni, ambao walikuta viwanja vizuri vimekwisha kutwaliwa.

Hapo ndipo nalipopata somo ambalo sikulitazamia. Nalikwenda kwa mama mmoja mjane, mwenye watoto watano, aliyetoka Kivu, nyumba yake ikiwa ni 27. Nilimweleza kwa adabu, nikamwonyesha karatasi. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Mwalimu, asante. Kwamba maji yanakuja nilijua kabla yenu, maana nalala nayo. Sasa ramani yenu inasema nihamie wapi?"

Sikuwa na jibu. Ramani ya hatari isiyosema pa kwenda ni kama mtu anayekuamsha usiku akakwambia kuna moto, kisha akarudi kulala.

Basi tukairudia karatasi, safari hii tukitafuta njia ya maji. Tukaona kwamba mfereji mmoja, ukichimbwa kwa mshazari juu ya mstari ule, ungeyapeleka maji kwenye ukingo wa shamba pasipo nyumba. Lakini ulipasa kupita uani kwa mzee mmoja, naye alikataa katakata. Alisema mnaniletea maji ya watu wengine. Hatukugombana naye. Wanafunzi walimletea ramani, wakamwomba wamwage ndoo mbili za maji mbele yake, mahali pale pale mfereji utakapoanzia. Maji yalipita njia waliyoichora, hayakugusa ukuta wake. Mzee akatazama, akacheka, akasema, "Kumbe watoto hawa wanajua maji yanakokwenda kabla hayajaenda." Akatoa ruhusa, na kesho yake akaja na jembe lake.

Mfereji ulichimbwa kwa Jumamosi tatu. Mashimo sita ya matofali yalifukiwa. Nyumba ya yule mama imeshuka toka 27 mpaka 18, siyo kwa sababu watoto wamepungua au ukuta umekuwa wa mawe, bali kwa sababu namba moja kati ya tatu imeshuka toka 3 mpaka 2. Hiyo 18 bado ni nyingi, ni sawa na ile iliyoangusha ukuta wangu, sitawadanganya. Tofali lake lingali bichi, na mahali pengine pa kumpa hapajapatikana. Lakini mvua za mwaka uliofuata zilipita, naye akalala.

Wenzetu mlioko Norwe, Kanada, Australia na kwingineko, ninyi mwaweza kusaidia hata mkiwa mbali. Mwenye kompyuta na saa moja ya nafasi anaweza kuchora mapaa ya mtaa aliokulia, na kuandika jina la kila njia, kwa kuwa ninyi mwayajua majina hayo na mgeni hayajui. Nanyi wanafunzi, msingoje ofisi. Anzeni na nyumba zenu wenyewe. Zungukeni nje siku ya mvua, tazameni maji yanagusa nini. Ukiona shimo upande wa juu, lifukie kesho, usiseme mwezi ujao. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, nao hawakuwa na setilaiti hata moja.

Msichana yule sasa yuko kidato cha nne. Siku tulipomaliza mfereji nilimwuliza kama ameridhika na jibu la swali lake. Akanijibu: "Bado, Mwalimu. Huu ni mtaa mmoja tu." Amekwisha kugundisha karatasi za mtaa wa pili.